Je, Kugeuka Nyuma ni Kukosa Imani?

Katika kanisa letu neno "kurudi nyuma" lina sifa mbaya. Aliyerudi nyuma ni yule aliyeuacha wokovu, yule aliyeshika jembe kisha akatazama alikotoka, au mke wa Lutu. Tunaombeana tusirudi nyuma. Kwa hiyo mzungu mmoja mzee alipotusimamisha katikati ya njia ya mlimani, Februari ya miaka minne iliyopita, akatushauri kwa upole tugeuke, alitumia neno ambalo masikioni mwetu lilikuwa limekwisha kuhukumiwa zamani.

Tueleze kwanza sisi ni nani. Ushirika wetu wa wasemao Kiswahili uko New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wengi wetu tulizaliwa Kivu Kusini au Burundi tukakulia kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma. Wachache wametoka Moshi na Nairobi. Kikundi cha kupanda milima kilianzishwa na vijana, kwa sababu majira ya baridi huku ni marefu na watu hujifungia ndani hadi huzuni ikawaingia kama ugonjwa. Wazee walicheka waliposikia. Maisha yetu yote tumetembea kwa kukimbia, walisema, na sasa mnataka tutembee kwa kujifurahisha? Hata hivyo wakaja, na baadhi yao wanatushinda kwa mwendo hadi leo.

Milima yetu inaitwa White Mountains. Mrefu kuliko yote, Mount Washington, una mita 1,917 tu, na ndugu zetu wa Moshi hawachoki kutukumbusha kwamba huo si mlima bali ni kilima mbele ya Kilimanjaro. Waseme. Tarehe 12 Aprili 1934 watu waliokaa kileleni kupima hali ya hewa waliandika upepo wa kilomita 372 kwa saa, ambao kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa mkali kuliko wote uliowahi kupimwa duniani. Kwenye njia kadhaa za safu hii, mahali miti inapoishia, kuna bango la manjano linalomwonya mpandaji kwamba mbele yake watu wengi wamekufa kwa baridi, hata katika miezi ya joto, na kwamba hali ya hewa ikiwa mbaya ageuke palepale. Tulilipita bango la namna hiyo mara nyingi tukilipiga picha.

Mwanzoni hatukujua kwamba kutembea mlimani kuna adabu yake, na kwamba adabu hiyo hubadilika kwa majira. Aprili na Mei theluji inapoyeyuka njia huwa tope tupu. Mwenye akili ya kawaida hulizunguka tope kwa kupita pembeni. Huku wanakufundisha kupita katikati, uzamishe buti, kwa sababu kila anayepita pembeni huipanua njia na kuua mimea, na baada ya miaka michache njia ya mtu mmoja inakuwa barabara ya ng'ombe. Wakati wa kiangazi, juu ya mpaka wa miti, unakanyaga mawe, hukanyagi majani. Kuna ua dogo la manjano linaloota kwa asili katika milima hii tu, kimo chake hakifiki kidole. Lilikuwa limekaribia kwisha kwa kukanyagwa, likaingizwa mwaka 1980 katika orodha ya mimea iliyo hatarini, na mwaka 1983 njia yenyewe ikahamishwa ili kulipisha. Mwaka 2002 likatolewa kwenye orodha, limepona. Tulipoambiwa habari hiyo mama mmoja wetu alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ua wanalihamishia njia. Sisi tulihamishwa njia na watu." Hatukuwa na la kumjibu.

Na majira ya baridi yana adabu ya viatu. Viatu vya theluji si viatu hasa. Ni fremu pana zinazofungwa chini ya buti ili uzito wako utandazwe na usizame. Wenyeji wa asili wa nchi hii, kama Waabenaki, walivitengeneza kwa mti uliopindwa na kamba za ngozi muda mrefu kabla ya mzungu kufika. Vya sasa ni vya alumini na plastiki, na chini vina meno ya chuma. Ukitembea bila hivyo katika theluji laini, kila hatua inazama hadi gotini na kuacha shimo. Usiku shimo linaganda. Anayekuja kesho anakuta njia iliyojaa mitego ya barafu. Katika sehemu ya milima ya Adirondack, jimbo jirani la New York, sheria inakulazimisha kuvaa viatu hivyo au skii theluji ikifika kina cha sentimita 20. Huku kwetu hakuna sheria hiyo. Imeachiwa dhamiri.

Siku ile tulikuwa kumi na mmoja, na jozi za viatu vya theluji zilikuwa saba. Kukodi kunagharimu, na wanne walisema buti zinatosha. Tulichelewa kuondoka kwa sababu tulingoja gari la pili, kisha tukaomba, na maombi yetu si mafupi. Saa nne asubuhi ndipo tulipoanza kupanda Crawford Path, njia iliyochongwa mwaka 1819 na Abel Crawford na mwanawe Ethan, inayotajwa kuwa kongwe kuliko njia zote za wapanda milima Marekani ambazo hazijawahi kuachwa bila matunzo. Tulikuwa tunaelekea Mount Pierce, mita 1,314, mwendo wa kilomita tano kwenda. Utabiri ulisema upepo utazidi mchana. Tuliusoma. Hatuwezi kusema hatukuusoma.

Njia panda, mahali inapochepuka njia ndogo ya kuelekea Mizpah, tulikutana na mzee yule akishuka. Alitazama miguu ya wale wanne, akatazama saa yake. Alisema juu kumeharibika, yeye mwenyewe amegeuka kabla ya kilele, na muda umekwenda. Tukamshukuru. Alipoondoka, mmoja wa wazee wetu, aliyevuka Ziwa Tanganyika usiku mwaka 1996 akiwa na watoto wawili ndani ya boti iliyokuwa ikiingia maji, akasema: "Mungu aliyetuvusha ziwa lile atashindwa na theluji?" Tukaitika amina. Tukapanda.

Yaliyofuata hayana haja ya kurefushwa. Kileleni hatukuona kitu. Upepo ulitusukuma kama mikono. Kijana mmoja alipeperushiwa glavu, na vidole vyake vilikufa ganzi hadi akalia. Tukashuka kwa haraka, giza likatukuta msituni mnamo saa kumi na moja na nusu. Taa ya kichwani tulikuwa nayo moja. Simu zilizimika moja baada ya nyingine kwa baridi. Kisha mama mmoja, mwenye miaka hamsini na tisa, akatumbukiza mguu ndani ya shimo na kifundo kikateguka vibaya. Shimo lile lilikuwa letu. Tulikuwa tumelichimba asubuhi kwa buti zetu wakati wa kupanda, na lilikuwa limeanza kuganda.

Simu moja iliyofichwa kifuani ilishika mtandao. Waliotufikia, yapata saa tatu usiku, walikuwa askari wawili wa wanyamapori, ambao katika jimbo hili ndio wenye kazi ya uokoaji milimani, na watu kumi na wawili wa kujitolea wasiolipwa hata senti. Machela hubebwa na watu sita, wengine wakingoja zamu, nao huteleza, huanguka, huinuka. Mmoja wa waliobeba alikuwa mwanamke muuguzi. Alituambia bila kulalamika kwamba zamu yake hospitalini inaanza saa moja asubuhi. Tulifika kwenye magari saa saba usiku.

Jumapili tulisimama kutoa ushuhuda. Bwana asifiwe, tulisema, tulikuwa katika bonde la mauti na Mungu akatutumia malaika. Kanisa likapiga vigelegele. Ndipo mzee mmoja wa kanisa, ambaye hakuwa mlimani na ambaye husema mara chache, akainua mkono kama mwanafunzi. Akauliza: "Wapendwa, malaika hao walilala saa ngapi?"

Wengine wetu tulikasirika. Lilionekana swali la kuzima Roho. Lakini halikutuacha, na ndilo lililotufanya tuandike haya. Maana kama tulichofanya kilikuwa imani, basi tulichotoa Jumapili ile kilikuwa ushuhuda. Kama hakikuwa imani, tulipaswa kutoa toba, na tukaivalisha nguo za ushuhuda.

Tulijadiliana miezi mingi, katika nyumba na katika magari. Yule aliyevuka ziwa hakukubali upesi, na tunataka hoja yake isikike vizuri, kwa sababu ni nzito. Alisema: nyinyi mnaosema busara, mngekuwa wapi leo kama sisi tungesikiliza busara? Kila mwenye akili pale ufukweni alisema boti haifai. Aliyegeuka alikutwa kijijini na wenye bunduki. Imani yetu yote imejengwa juu ya usiku ule. Mkituambia sasa kwamba kusonga mbele katika hatari ni kumjaribu Mungu, mnatunyang'anya kitu pekee tulichotoka nacho.

Hatutaki kumnyang'anya. Lakini tulimwuliza, kwa heshima, kama siku ile ya Februari nyuma yetu kulikuwa na bunduki. Nyuma yetu kulikuwa na gari lenye joto, chupa za chai na mandazi. Kule ziwani aliingia hatarini kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuweka mguu. Huku hatari tuliifuata sisi wenyewe, tukiwa tumeshiba. Inaonekana kwetu kwamba sentensi ileile, "Mungu atatuvusha", ni sala katika mahali pa kwanza, na katika mahali pa pili inakaribia yale maneno aliyoambiwa Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu. Shetani pale hakusema uongo kuhusu malaika. Alinukuu Zaburi. Kosa lilikuwa katika kujitupa.

Tena kuna jambo ambalo hadithi ya kinara haituonyeshi, kwa sababu Yesu pale alikuwa peke yake. Sisi hatujitupi peke yetu. Tulipomwambia Mungu atulinde, tulikuwa tunaweka mizigo juu ya mabega ya muuguzi ambaye hatukumjua, bila kumwuliza. Imani yetu ilibebwa na magoti yake. Daudi alilijua hili. Alipotamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mashujaa watatu wakapenya jeshi la Wafilisti na kumletea, naye akakataa kuyanywa. Akayamwaga mbele za Bwana, kwa sababu aliona ndani ya chombo kile damu ya watu waliohatarisha nafsi zao. Wakati wa Shule ya Jumapili tulikuwa tunamhurumia kwa kiu yake na kushangaa kwa nini amwage maji mazuri. Sasa tunaona alishtuka, kama mtu aliyegundua kwamba tamaa yake ndogo, iliyomtoka mdomoni bila kufikiri, imewagharimu wengine kiasi kile. Sisi maji tuliyanywa, tukashangilia.

Jimbo nalo lina njia yake ya kusema jambo hili. Aliyeokolewa baada ya uzembe anaweza kutumiwa bili ya gharama. Tuliingoja kama wanaongoja hukumu, haikuja. Pia kuna kadi ya dola 25 kwa mwaka, ambayo mwenye nayo hatozwi gharama hizo hata kama alizembea, isipokuwa kama alifanya ujeuri wa kusudi. Tulinunua wote. Mzee yule wa swali akatutania kwamba tumenunua vyeti vya msamaha kama vya wakati wa Luther. Tulicheka, lakini tuna hakika fedha ile ni halali, maana inakwenda kwenye mfuko wa uokoaji. Kinachotusumbua ni kwamba inalipia petroli, mafunzo na vifaa, na usingizi wa mtu haulipiwi.

Hapa ingekuwa rahisi kusema: basi busara ni kugeuka, na anayegeuka huokoka. Milima yenyewe haituruhusu. Ukishuka kutoka tulipoanzia safari yetu, kilomita chache kusini katika korongo lile, utapita mahali ilipokuwa nyumba ya Samuel Willey. Alihamia pale mwaka 1825 na mkewe na watoto watano. Juni mwaka uliofuata udongo uliporomoka karibu nao, wakaogopa, wakafikiri juu ya mahali pa kukimbilia. Usiku wa tarehe 28 Agosti 1826, baada ya mvua kubwa, mlima ukaporomoka tena. Wakakimbia nje, wote saba pamoja na vibarua wawili, na wote tisa wakafa. Nyumba waliyoitoka haikuguswa. Mwamba uliokuwa nyuma yake uligawanya maporomoko yakapita kushoto na kulia. Waliokwenda kuwatafuta walikuta vitanda vimeachwa na, inasemekana, Biblia imefunguliwa mezani. Watoto watatu miili yao haikupatikana kamwe.

Wahubiri wa wakati ule walihangaika sana na habari hii. Walikosea kukimbia? Wangekaa wangeonekana mashujaa wa imani. Na kama mwamba ule usingekuwapo, wangekaa, wakafa, tungesema walikuwa wapumbavu wasioisikia ishara ya Juni. Tumesimama mahali pale mara kadhaa, majira ya vuli, majani yakiwa mekundu kama moto, na kila mara tunaondoka na neno lilelile: matokeo hayawezi kuwa hakimu wa imani. Baba yule alifanya kilicho sawa kwa kadiri alivyoona, akafa. Sisi tulifanya kisicho sawa, tukapona. Ushuhuda wetu wa Jumapili ulisimama juu ya kupona tu.

Paulo anatusaidia zaidi ya Willey. Tunamkumbuka katika dhoruba, akiwatia moyo watu 276 melini, akila mkate mbele yao. Tunasahau kwamba kabla ya hapo, Bandari Nzuri, ni yeye aliyesema tusisafiri, majira yamepita. Nahodha na mwenye meli ndio waliotaka kusonga mbele. Mtu mwenye imani kuliko wote melini ndiye aliyekuwa tayari kukaa bandarini majira yote ya baridi. Imani aliyoionyesha kwenye mawimbi ilikuwa ileile. Haikuhitaji mawimbi ili iwepo.

Na lile jina la njia panda, Mizpah, tulilipita tukifikiri ni jina la Kihindi. Ni Mispa ya kitabu cha Mwanzo. Wengi hulitumia kama baraka ya wapendanao wanaotengana, Mungu atulinde tukiwa mbalimbali. Lakini Yakobo na Labani hawakuwa wapendanao. Walikuwa wakwe waliodanganyana miaka ishirini. Wakarundika mawe, na maana yake ilikuwa: mimi sitakuona tena wala wewe hutaniona, basi Mungu atazame tunachotendeana gizani. Juu ya mpaka wa miti njia yetu nzima inaonyeshwa kwa marundo ya mawe, yaliyopangwa na watu ambao hatutawaona, kwa ajili ya watu ambao hawakuwajua. Shimo la buti nalo ni alama iliyoachwa kwa mtu usiyemjua. Tulikuwa tumemwomba Mungu wa Mispa atulinde sisi, na hatukuwaza kwamba yeye huyohuyo alikuwa anatutazama kwa niaba ya atakayekuja nyuma.

Yule aliyevuka ziwa anaendelea kupanda pamoja nasi. Hajasema kwamba tulikosea. Alichosema, njiani mwaka jana, ni kwamba kule ziwani kulikuwa na mvuvi aliyewapa boti, na hajui kama mvuvi yule alipona. Miaka yote hii alikuwa akimshukuru Mungu kwa boti, na hakuwahi kumwombea mvuvi. Sasa humtaja kila Jumatano.

Machi iliyopita tulirudi Crawford Path, tisa, jozi tisa za viatu vya theluji, taa tisa. Tulianza saa moja asubuhi. Pale njia panda wingu lilikuwa limekaa juu ya Pierce na msichana mmoja alikuwa anatetemeka kuliko ilivyopaswa. Tukasimama, tukaomba kwa ufupi kuliko kawaida yetu, tukageuka. Nusu saa baadaye wingu likaondoka. Jua likawaka, mbingu ikawa buluu tupu hadi jioni, na kila aliyetupita akishuka alituambia kilele kilikuwa kizuri ajabu, mmeonekana mpaka baharini. Vijana walinuna. Hata sisi tulionena habari za Paulo tulijiona wajinga kidogo, na bado hatujui kama siku ile tulikuwa na hekima au woga tu.

Mama wa kifundo alikuwa wa mwisho katika mstari. Mtu mmoja alikuwa amepita asubuhi ile bila viatu vya theluji, na njia ilikuwa na mashimo tangu chini. Kila alipofika kwenye shimo mama alisimama, akasukuma theluji ndani kwa fimbo, akaikanyaga kwa viatu vyake vipana mara tatu nne mpaka ikakaza, kisha akaenda kwenye lingine. Tulimwita afanye haraka, baridi inaingia. "Nendeni tu," alisema. "Nitawakuta."